Viini vya Mimea na Kinga ya Ngozi Dhidi ya Mionzi ya Jua

Moshi, Kilimanjaro.

Mji wa Moshi upo takribani nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, na vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro vimeinuka zaidi ya hapo. Kila mwinuko wa mita 1,000 huongeza mionzi ya urujuanimno kwa takribani asilimia 10. Baridi na mawingu mepesi ya mlimani huwafanya wengi wadhani kuwa jua halina madhara, ilhali sehemu kubwa ya mionzi hiyo hupenya.

Mionzi hiyo huharibu vinasaba ndani ya seli za ngozi na kuzalisha kemikali zinazoshambulia seli. Madhara hayo yakilimbikizana huweza kusababisha saratani. Watu wenye ualbino wamo katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa ngozi yao ina melanini kidogo sana au haina kabisa.

Mimea inavyosaidia

Mimea nayo hukaa juani mchana kutwa, hivyo hutengeneza kemikali za kujilinda. Miongoni mwake ni polifenoli, zinazopatikana kwa wingi katika chai ya kijani na katika buni, zao lililoletwa Kilema na wamisionari mwaka 1898. Viini hivi vinapochujwa hufyonza sehemu ya mionzi na kudhibiti kemikali zinazoshambulia seli. Aina moja ya jimbi la Amerika ya Kati hutengenezewa vidonge kwa lengo hilohilo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya ushahidi inatokana na majaribio ya maabara, kwa seli na wanyama. Viini hivyo ni nyongeza ya kinga iliyothibitishwa, na haviwezi kuchukua nafasi yake. Kunywa kahawa au kujipaka mafuta ya nazi au mshubiri hakutoshi kumkinga mtu anayeshinda shambani. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua huweza kusababisha malengelenge na mabaka meusi.

Kinga iliyothibitishwa

Katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi (RDTC), kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho huwafunza wataalamu kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Ni katika kituo hicho ndipo ulipoanzia utengenezaji wa losheni ya Kilisun, iliyoandaliwa mahsusi kwa watu wenye ualbino. Losheni yenye kiwango cha kinga (SPF) 30 ikipakwa ipasavyo huzuia takribani asilimia 97 ya mionzi inayounguza ngozi.

Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

- Kuvaa kofia pana, nguo za mikono mirefu na miwani ya jua.
- Kupanga kazi za shambani asubuhi na jioni, na kukaa kivulini kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni.
- Kupaka losheni ya kukinga jua kabla ya kutoka na kurudia kila baada ya saa 2.
- Kusoma kiwango cha kinga kwenye lebo, na kutoridhika na neno "asilia" pekee.
- Kufika kituo cha afya mapema endapo kidonda, kinundu au baka halitapona ndani ya wiki 4.

Saratani ya ngozi ikigundulika mapema, mara nyingi hutibika.