Siku mbili Nakuru: Ratiba ya anayetaka kuona historia, si heroe pekee

WATU wengi wanaofunga safari ya kwenda Nakuru hubeba picha moja akilini: ziwa lililogeuka rangi ya waridi kwa wingi wa ndege aina ya heroe. Picha hiyo ilikuwa sahihi kwa miaka mingi. Siku hizi, familia inayodunduliza nauli, kiingilio na malazi kwa ajili ya heroe pekee huenda ikarejea nyumbani na masikitiko.

Sababu ni maji. Tangu takriban mwaka wa 2010, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakifura. Ziwa Nakuru limepanuka kutoka kilomita mraba zipatazo 40 hadi zaidi ya 60, likameza lango kuu la zamani la mbuga, barabara za ufuoni na hata makazi ya watu katika mtaa wa Mwariki. Maji ya mvua na mito yamezimua magadi ya ziwa, na magadi yakipungua, hupungua pia mwani ambao ndio chakula cha heroe. Wengi wao wamehamia Ziwa Bogoria katika kaunti jirani ya Baringo, ingawa wapo wanaorudi kwa vipindi.

Hata hivyo, haifai kuifuta safari. Linalofaa ni kubadilisha shabaha yake. Nakuru, iliyotunukiwa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021 na kuwa la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, imezungukwa na kumbukumbu za kale ambazo wasafiri wengi huzipita kwa kasi wakikimbilia lango la mbuga. Katika eneo dogo, mtu aweza kuona zana za mawe za binadamu wa mwanzo, makaburi ya wafugaji wa zama za kale na kasri la bwanyenye wa Kiingereza. Siku mbili zinatosha, mradi zipangwe vyema.

Nakuru iko kilomita zipatazo 160 kutoka Nairobi. Barabara hiyo ndiyo inayotumiwa na malori ya mizigo yaendayo Uganda na kwingineko, kwa hivyo saa za safari hazitabiriki. Ni busara kuondoka Nairobi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumamosi. Anayepitia barabara ya chini ya Mai Mahiu aweza kusimama dakika chache kwenye kanisa dogo lililojengwa mwaka wa 1942 na mateka wa vita Waitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo.

Kituo cha kwanza kiwe Hyrax Hill, kilima kilichoko kilomita zipatazo nne kabla ya kufika katikati ya jiji. Jina hilo linatokana na pimbi, mnyama mdogo aishiye kwenye miamba, ambao walikuwa tele hapo. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mahali hapa mwaka wa 1937 na 1938, na mwaka wa 1943 pakatangazwa kuwa turathi ya kitaifa. Jumba dogo la makumbusho lililofunguliwa mwaka wa 1965 lilikuwa awali nyumba ya walowezi waliomiliki shamba hilo.

Hapa pasiharakishwe. Yapo makaburi ya watu walioishi maelfu ya miaka iliyopita, na katika uchimbuzi ilibainika kwamba wanawake walizikwa na vyombo vya mawe ilhali wanaume hawakuwekewa kitu. Upande mwingine wa kilima yapo mashimo yanayohusishwa na Wasirikwa, ambayo wataalamu wanayaeleza kuwa mazizi ya mifugo. Juu ya miamba kumechongwa safu za vishimo vya mchezo wa bao, na mgeni anayeujua mchezo huo hahitaji kufafanuliwa lolote.

Jambo kubwa zaidi, hata hivyo, laonekana kutoka kileleni. Maelfu ya miaka iliyopita, Ziwa Nakuru lilikuwa kubwa mno hata likaungana na Elementaita, na maji yake yakafika kwenye kilima hiki. Anayesimama hapo na kutazama ziwa la leo likisogelea mitaa ya jiji ataelewa kwamba kufura na kunywea ni desturi yake ya tangu kale. Tofauti ni kwamba zamani hapakuwa na ploti wala hatimiliki ufuoni.

Kutoka hapo, safari ielekee Menengai, kaskazini mwa jiji. Watu hupaita shimo, lakini ni bonde lililotokea baada ya kilele cha volkeno kuporomoka. Upana wake unafika kilomita 12, na kutoka ukingoni hadi chini ni karibu mita 500. Masimulizi ya Wamaasai yanapataja kuwa uwanja wa vita baina ya koo zao, ambapo wapiganaji wa Ilaikipiak walisukumwa ukingoni wakaangamia. Volkeno yenyewe haijapoa: mvuke wake unachimbwa kwa ajili ya umeme, na kituo cha kwanza cha megawati 35 kilianza uzalishaji mwaka wa 2023.

Menengai pazuriwe kabla ya adhuhuri, na isiwe mtu peke yake. Njia ya kupanda ni ya vumbi na mawe, kivuli ni haba, na ukingo hauna kizuizi kila mahali. Wenye watoto wawashike mikono.

Baada ya chakula cha mchana jijini, ipo nafasi ya kwenda Ngata, upande wa Njoro, kuliona Kasri la Lord Egerton. Maurice Egerton alianza kulijenga mwaka wa 1938, Vita vya Pili vya Dunia vikakatiza kazi, na likakamilika mwaka wa 1954. Alilifaidi kwa miaka michache tu kwani alifariki mwaka wa 1958. Waelekezi husimulia kwa mbwembwe kisa cha mwanamke aliyeikataa posa yake. Kisa hicho kisikizwe kama hadithi. Lenye uzito zaidi ni kwamba mwaka wa 1939 mtu huyu alianzisha shule ya kilimo kwa vijana wa Kizungu, na shule hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka wa 1987.

Kasri hilo haliwezi kueleweka pasipo kuikumbuka reli, iliyofika Nakuru mwaka wa 1900, na mkataba wa 1904 uliowahamisha Wamaasai kutoka sehemu za Naivasha na Nakuru ili kuwapisha walowezi. Katika vyumba vyake zaidi ya 50 aliishi mtu mmoja na watumishi wake. Mgeni asipoambiwa hayo, hana budi kuuliza.

Anayezuru kasri za Alhambra jijini Granada, Uhispania, huhitaji tiketi iliyoandikwa saa ya kuingia, na watu huinunua mapema mno kwa kuhofia kukosa. Njoro haina msongamano wa aina hiyo. Hata hivyo, iwapo muda umebana na sharti kimoja kiachwe, basi kiachwe kasri, wala si Hyrax Hill.

Jumapili iwe ya mbuga. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili za mwanzo ndizo bora. Mbuga hii ilianza kama hifadhi ya ndege mwaka wa 1960, na tangu miaka ya 1980 imekuwa ngome ya kuhifadhi vifaru, weusi na weupe. Twiga wa Rothschild, walioletwa hapa miaka ya 1970, huonekana kwa urahisi. Mwaka wa 2011, Ziwa Nakuru pamoja na Bogoria na Elementaita yaliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya ulimwengu.

Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, kwani Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) halipokei pesa taslimu langoni. Ada hubadilishwa mara kwa mara, hivyo itazamwe siku chache kabla ya safari. Raia asisahau kitambulisho, la sivyo atatozwa kama mgeni. Hairuhusiwi kutembea kwa miguu mbugani. Wasio na gari hukodi moja jijini kwa kuchanga, na bei hukubaliwa jioni ya kutangulia, si alfajiri langoni wakati dereva anajua kwamba abiria hana hiari.

Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri yake huwa ya baridi; sweta ni lazima. Aprili na Mei ni miezi ya mvua za masika, na njia za mbugani na za Menengai huwa utelezi. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi.

Wakati wa kurejea Nairobi, kuna kituo kimoja cha mwisho: Kariandusi, karibu na Gilgil. Louis Leakey alipatambua mahali hapa mwishoni mwa miaka ya 1920. Mashoka ya mkono, mengine yakiwa ya jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama kioo, yameachwa pale pale yalipofukuliwa, na umri wake unakisiwa kuwa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Saa moja inatosha. Kutoka barabarani, Elementaita na ndege wake aina ya mwari huonekana upande wa pili, na anayeondoka hapo kabla ya saa tisa alasiri atakuwa ametangulia msururu wa magari ya Jumapili jioni.