Taa za Factorio na ajali ya Armagh

Treni zako za Factorio zimegandana njia panda? Kabla hujailaumu programu, sikiza kisa hiki.

Tarehe 12 Juni 1889 huko Armagh, Ireland, iliyokuwa chini ya Uingereza, treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mwinuko. Wafanyakazi wakayafungua mabehewa ya nyuma. Yakarudi kasi, yakagonga treni iliyofuata. Watu 80 walikufa, wakiwemo watoto. Wakati huo treni iliruhusiwa kuondoka kwa kuhesabu dakika tu tangu iliyotangulia, na saa haijui kama njia iko wazi. Mwaka huo huo ikatungwa sheria: reli igawanywe vipande, kila kipande treni moja (na breki zijifunge zenyewe mabehewa yakikatika).

Wube Software wa Prague waliiga kanuni hiyo ya vipande. Kasoro ni kwamba taa ya kawaida huangalia kipande kimoja tu. Taa ya mnyororo husoma pia taa iliyo mbele yake, kwa hivyo iweke kabla ya njia panda, ya kawaida baada yake, halafu acha nafasi ya kutosha treni nzima. Mkia ukibaki njia panda, hakuna anayepita.