Ruzuku za utafiti wa usonji: Nani anatoa hela, na kwa nini ujue?

Mtoto haitiki akiitwa jina. Hatazami watu usoni. Anapanga vifuniko vya chupa mstari mmoja, siku nzima. Mzazi anaenda hospitali na swali moja tu: mwanangu ana nini?

Jibu analopewa, liwe zuri au la kubahatisha, limetokana na utafiti. Na karibu kila utafiti ulianza na andiko la kuomba hela.

Usonji kwa kifupi

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, mahusiano na tabia. Daktari Leo Kanner aliueleza mwaka 1943, akiwa Marekani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Hakuna kipimo cha damu cha kuutambua. Daktari huangalia tabia na kuzungumza na mzazi.

Ruzuku inapatikanaje?

Mtafiti anaandika andiko: swali lake, mbinu, bajeti na muda. Wanasayansi wenzake wanalisoma na kulipa alama. Kwenye taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, alama huanzia 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora.

Shida ipo kwa wazo jipya kabisa. Wasomaji wa maandiko wanataka kuona matokeo ya awali. Huna matokeo, hupati hela. Huna hela, utayapata wapi matokeo?

Hapo ndipo ruzuku za majaribio zinapoingia. SFARI, mpango wa utafiti wa usonji wa Simons Foundation ya New York, umekuwa ukitoa ruzuku za aina hiyo za hadi dola 300,000 kwa muda usiozidi miaka 2. Lengo ni kulipima wazo lenye hatari ya kufeli. Likionyesha mwanga, mtafiti anapata cha kupeleka kwa wafadhili wakubwa.

Wafadhili wakubwa ni akina nani?

Serikali ya Marekani ndiyo kinara. Sheria maalumu ya usonji ilipitishwa huko mwaka 2006, na ilipohuishwa Desemba 2024 iliidhinisha karibu dola bilioni 2 kwa miaka 5. Mwaka 2025 NIH ilitangaza dola milioni 50 kwa miradi 13 ya kuchambua data za usonji.

Kwa upande wa binafsi kuna Simons Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1994 na mwanahisabati Jim Simons na mkewe Marilyn, pamoja na Autism Speaks ya mwaka 2005.

Hela hizo zimeleta nini?

Simons Foundation ililipia ukusanyaji wa sampuli za takriban familia 2,600 zenye mtoto mmoja tu mwenye usonji, huku wazazi na ndugu zake wakiwa hawana. Sampuli hizo ziliwasaidia watafiti kuona mabadiliko ya jeni yaliyo kwa mtoto lakini hayapo kwa wazazi. Leo zaidi ya jeni 100 zinahusishwa na usonji, na hakuna hata moja inayoeleza usonji wote.

Kwa mzazi, hilo si jambo dogo. Lile wazo la zamani kwamba mama "baridi" ndiye aliyemsababishia mtoto usonji halina pa kusimama tena.

Na Afrika?

Data nyingi za jeni zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo maana mradi wa NeuroDev una uzito. Unafanyika Kenya, kwenye kituo cha KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi, na Afrika Kusini. Unachunguza jeni za watoto wenye usonji na matatizo mengine ya ukuaji wa ubongo, ukiungwa mkono na Stanley Center ya Broad Institute, Marekani.

Kazi ya namna hii haiishii maabara. Dodoso lililotungwa kwa ajili ya mzazi wa London au Boston haliwezi kubebwa hivihivi hadi Kilifi. Lazima maswali yatafsiriwe, yajaribiwe, na mifano ibadilishwe. Hiyo nayo inahitaji bajeti.

Kwa nini uulize hela ni ya nani?

Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa Uingereza alichapisha utafiti wa watoto 12 uliohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella na usonji. Baadaye iligundulika alikuwa akilipwa kupitia wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, na hakusema. Jarida la The Lancet lilifuta makala hiyo mwaka 2010, na yeye akafutiwa leseni. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Hofu, hata hivyo, bado ipo.

Nani anachagua swali?

Sehemu kubwa ya hela huenda kwenye biolojia na visababishi. Watu wazima wenye usonji, ajira zao na huduma wanazohitaji hupata kidogo. Wengi wao wanalalamika: tunachunguzwa, lakini hatuulizwi. Baadhi ya wafadhili sasa wanawapa nafasi ya kusoma maandiko na kusema lipi lina faida.

Kwa hiyo ukikutana na kichwa cha habari "Chanzo cha usonji chagunduliwa", usikimbilie kusambaza. Tafuta vitu vitatu: walichunguzwa watu wangapi, wa wapi, na nani alilipa.