Nani Alifaa Kuongoza Msitu?

Ukisimama Kimathi Way mjini Nyeri, ni kama swali lishajibiwa. Hata chuo kikuu kilicho nje kidogo ya mji kina jina lake. Lakini wapiganaji wa Mau Mau wenyewe, kule misitu ya Nyandarua, walibishana kuhusu kiongozi hadi wakagawanyika.

Dedan Kimathi wa Tetu alikuwa amesoma. Alishawahi kuwa mwalimu na karani wa KAU. Alitaka kila kitu kiandikwe: majina, vyeo, vita, waliokufa. Februari 1954 likaundwa Bunge la Kenya humo msituni, yeye akiwa waziri mkuu. Stanley Mathenge wa Othaya alikuwa mtu wa aina nyingine. Alikuwa amepigana Burma, na kalamu haikuwa silaha yake. Mwaka 1955 wenzake wa Kenya Riigi walilalamika kwamba wasomi wanajipa ukubwa juu ya migongo ya wasiosoma, na kwamba msomi si wa kuaminiwa. Kimathi akawakamata viongozi wao kwa kuzungumza na serikali bila idhini. Wakatoroka.

Hata Marekani walibishana hivyo. Mwaka 1812 John Adams alimwandikia Benjamin Rush kwamba George Washington hakuwa amesoma vya kutosha kwa cheo chake. Miaka miwili baadaye Jefferson alikiri akili ya Washington haikuwa nyepesi, ila akasifu uamuzi wake kuliko wa mtu yeyote. Lakini hao walibishana Washington akiwa kaburini zamani. Wetu walibishana mabomu yakidondoshwa msituni.

Mimi nilikuwa upande wa Kimathi bila kufikiri, kwa sababu shule ndiyo iliyonipa jina lake. Siku hizi nasita. Baadhi ya wapiganaji wake walimwogopa kuliko adui. Na hoja za Riigi tunazipata kwa sehemu kubwa kwa Karari Njama, mwalimu aliyekuwa mwandishi wa Kimathi, katika kitabu alichotoa na Donald Barnett mwaka 1966. Yaani wasiosoma wanatetewa na karani wa mpinzani wao!

Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa hapa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mathenge alitoweka tu. Mwaka 2003 aliletwa mzee kutoka Ethiopia, akapokewa kwa shangwe kama jenerali aliyerudi nyumbani. Kisha vipimo vya DNA vikaonyesha siye.