Celia Cruz na Dansi Letu

Sisi tuliokulia Morogoro hatukuhitaji ramani kuijua Cuba. Salum Abdallah aliiita bendi yake Cuban Marimba, na wazee wa dansi walizitunza santuri za GV, za muziki wa Cuba, kama hati za shamba. Ila majina waliyoyataja yalikuwa ya wanaume pekee. Nami nasema mwimbaji Celia Cruz anastahili kutajwa nao.

Alizaliwa Havana tarehe 21 Oktoba 1925, mtaa wa Santos Suárez. Baba yake, mchochea moto kwenye treni, alitaka bintiye awe mwalimu, na Celia alikwenda kweli chuo cha ualimu. Mwaka 1947 akaingia shindano la redio, akaimba tango huku akigonga vijiti vya klave, akashinda keki.

Miaka mitatu baadaye mwimbaji Myrta Silva aliiacha bendi ya La Sonora Matancera akarudi kwao Puerto Rico, na Celia akashika nafasi yake. Wasikilizaji wakalalamika, wakimtaka waliyemzoea. Mwenye kampuni ya santuri naye akasita, akidhani sauti ya mwanamke haiuziki katika muziki wa aina ile. Kiongozi wa bendi, Rogelio Martínez, akamsimamia. Celia akadumu miaka 15, na sauti yake nzito ilipita juu ya tarumbeta bila kulazimishwa.

Julai 1960 bendi ilikwenda kufanya kazi Mexico, na Celia hakurudi tena nyumbani. Mama yake alipofariki mwaka 1962, aliomba ruhusa ya kwenda kumzika. Serikali ya mapinduzi ya Castro ikamkatalia. Wengi wetu tunaiheshimu Cuba kwa madaktari wake na kwa damu iliyomwaga Angola, nami naiheshimu. Lakini kumzuia mtoto asimzike mama yake ni ukatili, na hakuna mapinduzi yanayoweza kunishawishi vinginevyo. Mwaka 1990 alikwenda kuimba katika kambi ya Marekani ya Guantánamo, iliyo Cuba, akachota udongo wa kwao. Alizikwa nao New York mwaka 2003.

Mwaka uleule wa 1962, aliofiwa na mama yake, aliolewa na Pedro Knight, mpiga tarumbeta wa bendi, ambaye baadaye aliacha chombo chake ili asimamie kazi za mkewe. Wanaume wa muziki waliofanya hivyo ni wachache sana.

Mwaka 1974 ndio unaotuhusu zaidi. Celia alikuwa ametoa albamu na mwanamuziki Johnny Pacheco, yenye wimbo wa Quimbara, na Septemba akatua Kinshasa pamoja na bendi ya Fania All-Stars. Walikwenda kwenye tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la ndondi la Ali na Foreman. Pambano likaahirishwa, muziki ukaendelea. Walikuwapo James Brown, Miriam Makeba na mwenyeji Franco. Umati ule haukujua Kihispania, lakini midundo ile uliitambua: mababu wa Kikongo waliipeleka Cuba wakiwa watumwa, na santuri zikairudisha kabla Celia hajapanda pale jukwaani.

Filamu ya Soul Power inamwonyesha akiimba kwenye tamasha hilo. Mpenzi wa Franco aitafute, na asiangalie gauni wala madoido. Asikilize jinsi Celia anavyoiachia kwaya iitikie, kisha anaingia nyuma kidogo ya mdundo wa klave, makusudi, na bendi nzima inamfuata.