Uzaashina, si "kauliflori"

Kijitabu cha sayansi nilichoombwa nikipitie kimeueleza mbirimbi vizuri: mti mdogo, nadra kupita mita 10, maua ya rangi ya damu ya mzee, tunda kali la sentimita 4 hadi 10. Kisha palipotakiwa neno moja tu la kusema kwamba maua yake hutoka shinani, wanakamati wakaandika "kauliflori".

Kauli ya nani? Kilatini caulis ni shina na flos ni ua, sawa. Lakini mtoto wa Makadara atasikia kauli ile tuliyoichukua kwa Waarabu, adhani mti una la kusema. Sina ugomvi na ugeni. Birimbi lenyewe ni neno geni: Wamalai husema belimbing. Sisi tukageuza l kuwa r, tukaangusha ng ya mwisho, na mti tukauvika m-. Huko ndiko kutohoa! Hata Averrhoa, jina la kitaalamu la jenasi yake ambalo Linnaeus alilichapa mwaka 1753, ni heshima kwa Ibn Rushd wa Kordoba. Nililisema hilo kikaoni; hakuna aliyeinua kichwa.

Langu ni uzaashina. Sikulitoa hewani. Uani kwa shangazi, Makadara, vishada vya maua vimepasua gome pale pale palipofungwa kamba ya kuanikia nguo, na mabirimbi yananing'inia usawa wa goti. Mtoto huyachuma ya achari bila ngazi. "Huu wazaa shinani, mwanangu, si kama mwembe," aliniambia. Nimeongeza u-, nimeondoa -ni, basi.

Bingwa mmoja akanipinga: eti uzaashina maana yake ni kuzaa mashina. Je, kipandauso hupandisha uso? Maumivu ndiyo yanayopanda usoni. Jina la mahali laweza kufuata kitenzi bila kuomba ruhusa. Mwingine, anayejisifu kwa kamusi zake, alileta "uzaagogo". Gogo ni mti uliokwisha kukatwa. Halizai ila mchwa.

Matumizi: "mbirimbi una uzaashina", mfenesi na mkakao vilevile.

Nimeambiwa kijitabu kinakwenda kupigwa chapa na kauliflori yake. Walimu mtakaokipokea, tafadhalini, likateni kwa kalamu ya wino.