Uhakiki wa Ukopeshekaji

Mtu aendaye kwenye duka la wakala huko Tandika, Mbagala au Tegeta kutaka simu ya mkopo, ambayo ataitolea kianzio siku hiyo na marejesho yake kuyalipa kila siku au kila juma, huombwa namba yake ya NIDA, namba ya laini anayoitumia, na aghalabu jina la mtu wa kumdhamini. Kisha wakala huyaingiza hayo katika programu, na baada ya kitambo kidogo jibu hurudi kwamba mteja amekubaliwa au amekataliwa. Tendo hilo lipitalo kati ya ombi na jibu ndilo muradi wa makala hii, nasi twapendekeza liitwe uhakiki wa ukopeshekaji.

Jina lake la Kiingereza, credit check, limejengwa juu ya asili ya Kilatini, credere, maana yake kuamini; na Kiswahili cha pwani nacho hakikupungukiwa na neno la daraja hiyo, kwani itibari, iliyotoka katika Kiarabu, ni imani na heshima aliyonayo mtu machoni pa wenziwe, na Waajemi hulitumia neno la shina hilo hilo kwa mkopo wa benki hata leo. Juu ya itibari ndipo iliposimama mali kauli, desturi ya mwenye bidhaa kumkabidhi mchuuzi mzigo bila ya rahani, kwa ahadi ya mdomo kwamba ataleta fedha akiisha kuuza. Lakini itibari ni maarifa ya mtu juu ya mtu: mwenye mali humjua mchuuzi, aila yake na mwenendo wake, na akichelewa kulipa hujua kama kilichomchelewesha ni msiba au ni ulaghai.

Programu ya wakala haina maarifa hayo. Hujua yaliyoandikwa tu. Mwaka 2012 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kanuni za taasisi za kuchakata taarifa za wakopaji, na benki zikapaswa kupeleka habari za mikopo yao katika kanzidata moja. Na mwaka 2014 ilipoanzishwa huduma ya akiba na mikopo ya M-Pawa, matumizi ya mtu katika M-Pesa yakawa kipimo cha mkopo awezao kupewa, hata kama hajawahi kuingia mlango wa benki. Basi kijana wa Mwananyamala atumiaye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za shangazi yake, hata akiwa mlipaji hodari kuliko wote mtaani, mwenendo wake mwema humwandikia shangazi, ilhali yeye mwenyewe hubaki kama mtu asiye na historia.

Kwa sababu hiyo twaikataa tafsiri ya kwanza iliyo karibu na ulimi, yaani upimaji wa uaminifu, maana kukosa maandishi si kukosa uaminifu, na kumwambia mteja kwamba haaminiki kwa kuwa mtambo haukuona kitu ni kumvunjia mtu heshima pasipo hoja. Uchunguzi wa mikopo nao hautoshi, kwa kuwa mkopo wenyewe bado haujatolewa, na huenda mwombaji hajapata kukopa maishani mwake. Kukopesheka, kwa upande wake, ni neno ambalo watu wa benki na wa ushirika wamekwisha kulizoea: limetoka katika kopa, likapita kopesha, nalo hutaja hali ya mtu mbele ya mkopeshaji fulani, kwa kiasi fulani na kwa wakati fulani, bila ya kuihukumu tabia yake, na akosaye kukopesheka leo yamkini atakopesheka mwakani.

Neno la pili, uhakiki, tumelichagua kwa makusudi makubwa zaidi. Hakiki ni ndugu wa haki na hakika, na ahakikiye hutafuta ukweli wa jambo, wala haridhiki na kulitazama tu; kwa hiyo alitumiaye neno hili hujifunga kuhakikisha kwamba habari anazozitegemea ni sahihi, na kwamba mhusika aweza kuzijibu. Sheria zetu zaelekea upande huo huo: kanuni za mwaka 2012 zampa mkopaji haki ya kuiona taarifa yake na kuipinga ikiwa ina kosa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, yampa kila mtu haki ya kuzifikia taarifa zake na kutaka zisahihishwe.

Fauka ya hayo, mkopeshaji wa simu hana dhiki ya kumfanya awe mkali kupita kiasi, maadamu simu yenyewe ni rahani, nayo aweza kuifunga kwa mbali marejesho yakikoma. Basi wakala akataaye ombi na aseme wazi kwamba taarifa hazikutosha, ataje ni taarifa zipi na zimehifadhiwa kwa nani, na amweleze mteja njia ya kuzisahihisha. Asipofanya hivyo, alilolifanya dukani mwake ni kukataa tu, wala halistahili kuitwa uhakiki.